Mzambarau Mwitu wa Donatha

Mwaka ule wa 1954 mvua ilizidi, maharage yakaozea shambani Nyamyumba, kando ya ziwa. Donatha, mjane mwenye binti mmoja, alibaki na tegemeo moja tu: mzambarau mwitu uliosimama mbele ya nyumba yake, ambao wenyeji huuita umugote. Matunda yake ni madogo, meusi, yanakausha ulimi. Yeye na binti yake Drocella waliyala asubuhi, na jioni wakayaponda kwenye maji wakanywa. Yaliyobaki aliyapeleka mjini Gisenyi kwa Saidati, mke wa fundi cherehani, aliyeyachachusha kuwa siki na kumpa unga wa muhogo.

Matawi ya chini yalipokwisha, Donatha alimtuma binti yake apande juu zaidi.

"Pale iko mengi," alimwonyesha.

Tawi likakatika. Majirani walimbeba Drocella kwa machela hadi zahanati, wakarudi naye vilevile. Kuanzia kiunoni kushuka chini alikuwa amekufa ganzi.

Walimlaza kwenye mkeka karibu na mlango apate hewa. Phocas, mdogo wa marehemu mume wa Donatha, akaja na shoka.

"Hii muti imevunja mutoto," alisema. "Niikate."

"Muti haikumutuma kupanda, shemeji. Ni mi nilimutuma. Na ukiikata, tutakula nini?"

Phocas akaenda zake. Tangu hapo Donatha alipanda mwenyewe, nguo ameikaza kiunoni, mwanawe akimtazama kutoka mkekani.

Siku moja alimletea bakuli la matunda, Drocella akageuza uso.

"Mama, nikifungua macho naona hii muti tu. Ziwa iko nyuma yake. Baba mudogo aikate."

Donatha aliliweka bakuli chini. Mti ulikuwa bado umejaa matunda. Kisha akainuka, akaenda kumwita Phocas.

Mti ulipoanguka, Drocella aliomba ainuliwe kidogo. Ziwa lilikuwa linameta kwa jua, na wavuvi wakipiga makasia kuelekea ufukweni.

"Leo wanarudi mapema," alisema.

Walikula matunda ya matawi yaliyolala chini mpaka yakaisha. Vidonda vya mgongoni, vya kulala muda mrefu, vilimmaliza Drocella kabla ya mavuno mapya. Baada ya mazishi Donatha alishuka mjini mikono mitupu, akamwomba Saidati kazi ya kufua.

"Na matunda?" aliuliza Saidati.

"Muti tumekata," alijibu Donatha, akainama kulichukua beseni la nguo.