Panga Namba Kumi na Saba

Kwa miaka mitatu Mathe hakulaza panga nyumbani kwake. Alikuwa amefungwa kwa kumkata mlevi mwenzake begani, na hati ya kutoka gerezani ilimkataza kumiliki panga, mkuki au upinde kwa miaka mitano. Kwa kuwa mkulima hawezi kulima bila panga, Phinées, mkuu wa mtaa, alipanga hivi: Mathe aichukue ofisini asubuhi, atie sahihi katika daftari, airudishe kabla ya saa kumi. Mpini ukachomwa namba 17.

Hiyo ilikuwa Beni, mashariki mwa Kongo, mwaka 2002, wakati wapiganaji walipokatiza sokoni na bunduki begani bila mtu kuwauliza hata jina. Mathe alirudisha panga yake hata siku za mvua kubwa. Alikuwa amemwahidi mkewe, Jokébed, kwamba gerezani harudi tena.

Jumanne moja alikuta msumari wa panga yake mtupu ukutani mwa ofisi, akamwuliza Phinées:

"Papa Chef, mupanga yangu iko wapi?"

"Nilipatia batu ya bunduki, bakate kuni. Banatulinda, hapana?"

"Lakini mi nitatumika shamba na nini?"

"Na meno! Mutu wa prison anachagua?" Phinées alicheka mpaka tumbo likatikisika.

"Basi andika kwamba sikuichukua."

"Nitaandika. Enda."

Maharage yalikuwa yanaoza kwa mvua, na kuyang'oa mikono inatosha. Mathe na Jokébed wakaenda shambani, upande wa Eringeti. Wakati wa kurudi, mchana kweupe, wapiganaji wawili waliwazuia njiani wakitaka kikapu. Jokébed akaking'ang'ania. Mmoja akainua panga, na Mathe akaiona namba kwenye mpini. Hakuwa na hata fimbo. Aliinua mikono mitupu, akaomba.

Wale walichukua maharage, wakaitupa panga palepale, ikiwa na damu.

Walipoifikisha panga ofisini, Phinées, aliyekuwa akila, alilamba kidole gumba, akafunua daftari. Kwenye Jumanne ile palikuwa na jina la Mathe na sahihi ambayo Mathe hakuitia.

"Si yeye alinikata!" alisema Jokébed, mkono umefungwa kitenge. "We Chef mwenyewe ulibapatia!"

"Bibi anatetea bwana yake. Tunazoea hiyo." Akafunga daftari, akarudia sahani yake ya nyama. Hakunawa hata mikono.

Kuitii hati ile kulimpotezea Jokébed vidole vitatu vya mkono wa kuume. Mathe, kwa sahihi ile, alirudishwa gerezani kwa miaka minne.