Kata Mbili za Maji ya Bwawani

Mwaka mmoja kabla garimoshi halijafika Dodoma, Yudith alikuwa akiwapikia wapagazi waliofuatana na Wajerumani wapimaji wa njia ya reli. Mumewe, Nikodemo, alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Kazi kubwa ya Yudith haikuwa ugali, ilikuwa maji. Porini upande wa Zuzu walikunywa walichokikuta, na mara nyingi walikuta bwawa lililokwisha kukanyagwa na ng'ombe.

Halfani, mnyapara wao kutoka Kolo, ndiye aliyemfundisha. "Chuja kwa kitambaa cha kaniki, dada yangu. Chemsha mpaka yaruke. Kisha funika, uyaache yapoe yenyewe."

Nikodemo akacheka. "Yaani tunywe uji usio na unga?"

"Wewe cheka tu. Mimi nimezika wengi waliokuwa na haraka."

Siku moja jioni Nikodemo alirudi kutoka kufyeka vichaka, midomo imepasuka kwa kiu. Chungu ndiyo kwanza kimeepuliwa.

"Mama Loisi," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "nipe maji."

"Ya moto, baba. Subiri kidogo."

"Mpaka lini? Mpaka nikauke kama nyama ya kuanika?"

Akamhurumia. Akafanya kama alivyomwona mama yake akifanya miaka yote: alichota kata mbili za maji mabichi mtungini, yaliyotoka bwawani asubuhi, akayazimua yale ya moto. Nikodemo akanywa, akashusha pumzi.

"Leo umenipa maji ya watu," alisema.

Siku ya tatu tumbo likamshika, akaanza kuhara damu. Siku ya sita wakamzika kando ya njia aliyoifyeka mwenyewe. Yudith alisali sala alizofundishwa misheni, Halfani ameinamisha kichwa pembeni.

"Dada, yale maji yalichemka?" Halfani aliuliza walipomaliza.

"Yalichemka."

Hakusema uongo. Lakini usiku kucha neno lile lilimchoma.

Kesho yake wapagazi waligoma kwenda kuni. "Kuchemsha kumemfaa nini Nikodemo? Tunajichosha bure!" Yudith akawaona wanateremka bwawani na vibuyu vyao.

"Msinywe!" alipiga kelele, akiwakimbilia. "Niliyazimua kwa maji mabichi. Ni mimi."

Wakasimama. Halfani akamsogelea.

"Jana mbona hukuniambia?"

"Nilitaka iwe ni mapenzi ya Mungu," alisema Yudith, analia. "Isiwe mkono wangu."

Halfani akachukua shoka, akaenda kukata kuni. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Yudith aliishi miaka mingi baadaye, huko Ipagala. Hakumnyima mtu maji hata siku moja. Ila kama chungu kilikuwa cha moto, alimkalisha mgeni, wakaongea habari za mvua na za watoto mpaka maji yakapoa. Nikodemo naye angaliweza kukalishwa hivyo. Jioni ile jua lilikuwa limebakiza kidogo tu kutua, na ubaridi ungaliyapoza maji upesi.