Mtani Aliyeshika Ngazi

Juzi tumemzika jirani yetu hapa Temeke, Mzaramo mcheshi aliyeanguka kutoka juu ya paa la zahanati tunayoijenga kwa kujitolea. Wasomaji wangu mnanijua. Shule niliiacha mapema, nikauza maji, nikauza mkaa, na leo hata wenye vyeti wanapanga foleni dukani kwangu. Basi nisikilizeni.

Alivunjika paja. Watu wakampakia kwenye mkokoteni, mguu ukining'inia na kugonga kila penye shimo. Siku ile wodini maneno hayakumwishia. Fundi aliyemshikia ngazi ni Mnyamwezi, mtani wake, na wawili hao hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana. "Huyu kanisukuma," akatuambia, "anaitaka kanzu yangu ya Idi." Tukacheka, fundi naye akasema kanzu yenyewe viraka vitupu. Kesho yake tulimkuta mgonjwa anahema juu juu, vidoa vyekundu kifuani, mkewe hamjui. Maneno yalikuwa yale yale, ila kicheko hakikuwamo: "Kanisukuma. Kanisukuma." Kabla ya magharibi akafariki.

Ndugu zake wakalishika neno hilo, maana kwetu kauli ya anayekata roho haitupwi. Fundi akaambiwa asikanyage msibani, na mtaa auhame. Mie nikamchukua balozi wa nyumba kumi, tukaenda kwa daktari. "Mfupa wa paja una mafuta ndani," akasema. "Ukivunjika, yanaweza kuingia kwenye damu, yakaziba mapafuni na kwenye ubongo. Yale hayakuwa mashtaka, mzee wangu. Ni ugonjwa uliokuwa ukisema." Nikarudi nikawaeleza wanaume msibani, tena vizuri kuliko daktari mwenyewe. Wao wakarudia kahawa yao.

Aliyejibu ni mjane. Alimtuma balozi kutoka ndani: "Mwambieni mtani aje amtanie. Mume wangu hawezi kuzikwa kimya kama mgeni."

Fundi akaja, akasimama njiani mbele ya jeneza na kutandaza mikono. "Hupiti," akamwambia maiti. "Paa hujamaliza, na kanzu hujanipa." Watu wakacheka huku wakifuta macho. Kaka wa marehemu akatoa bega lake kwenye jeneza, akampisha abebe.

Nchi hii tunaijenga kwa mikono yetu, na wapo watakaoanguka. Aliyevunjika mguu mfungeni vijiti, utulie, ndipo mumbebe. Akianza kuweweseka, mwiteni daktari upesi, wala msimtafute mchawi. Jumamosi tunaendelea na paa. Ngazi anashika yule yule.