Mpira wa Rejeta na Saa Mbili za Zaituni

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikiona kijana anapangusa gari lake mpaka anajiona uso. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na baba alikuwa ameniamini na kunikabidhi gari lake kuukuu.

Siku hiyo dada yangu Zaituni alikuwa anaolewa nyumbani kwetu Makindye. Bwana harusi alikuwa askari mwenye likizo fupi: ilimpasa kurudi kambini kabla ya Magharibi, apande lori la kwenda kaskazini. Ndoa ilipangwa baada ya Adhuhuri ili maharusi wapate angalau alasiri moja pamoja. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumleta shekhe kutoka Kasubi.

Siku mbili kabla nilikuwa nimefungua boneti na kuubonyeza mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini. Ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva mno, umevimba karibu na kibano kinachoushika. Nilijua maana yake. Lakini kushuka mjini kutafuta mpira mpya kungenilia mchana mzima, na mimi nilikuwa na riboni za kufunga na vioo vya kung'arisha. Nikachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, nikauzungushia kama bandeji, nikakaza kwa waya. Vijana wengi wa Kampala tulifanya hivyo. Wengine, Mungu awaongoze, wanafanya hadi leo.

Shekhe Rajabu aliendesha malori ujanani kabla ya kushika elimu ya dini. Alipoliona gari akacheka. "Mashallah! Leo unaoa wewe ama dada yako?"

Tulipoanza kupanda kilima cha Lubaga, mshale wa joto ulipanda pamoja nasi. Nikaunyamazia. Ghafla, puu! Mvuke ukafunika kioo chote. Niliruka nje, nikafungua boneti, maji ya kutu yakarukia kanzu yangu, nikapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Bakora ya shekhe ikanigonga kifundo.

"Acha! Unataka kumpelekea dada yako uso uliochemshwa?"

"Shekhe, tutachelewa!"

"Tumeshachelewa. Sasa tusiungue."

Mama mmoja mwenye kibanda hapo kando, rozari shingoni, alituletea dumu la maji. Nilitaka kuyamimina palepale. Shekhe akanizuia tena, kwani maji baridi ndani ya injini iliyochemka huweza kupasua chuma. Tukangoja. Wapita njia waliziona riboni wakapata mchezo: "Ssebo, bwana wee, bibi harusi yuko wapi? Amewakimbia?" Nilitamani ardhi inimeze.

Injini ilipopoa, shekhe aliigusa ile bandeji yangu.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Lini?"

"Juzi."

"Kumbe ulijua," akasema. "Asiyejua hufundishwa, mwanangu. Anayejua akafunika, huyo aombe toba."

Kwa bahati mpasuko ulikuwa karibu na ncha. Alikata kwa kisu sehemu iliyooza, akauvuta mpira uliobaki mpaka ukafika kwa shida kwenye mdomo wa rejeta, akakaza kibano, akajaza maji taratibu. Tukaenda polepole kama wabeba jeneza.

Tulipofika, Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa; saa mbili za Zaituni na mumewe zilikuwa zimepotelea njiani. Ndoa ilifungwa haraka. Bwana harusi alikula matonge matatu ya pilau, amesimama, buti miguuni, na Zaituni akamsindikiza hadi langoni tu. Shekhe aliwaambia watu, "Tulisimama kidogo njiani." Hakunitaja. Nami sikujitaja.

Shemeji alirudi salama baada ya miezi mingi, alhamdulillahi, na leo wana wajukuu. Lakini hakuna aliyejua, siku lori lile lilipoondoka, kama atarudi.

Idi iliyopita, baada ya miaka yote hiyo, nilimwambia Zaituni habari ya bandeji. Alikuwa anamenya vitunguu, wala hakuinua kichwa.

"Nilijua siku ileile, kaka. Nilikuwa nimekuona ukikata ile tyubu. Na kanzu yako nani aliifua? Kutu ya rejeta haitoki kwa sabuni. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nililia, na haikuwa kwa sababu ya vitunguu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliufunika ufa nikadhani nimeuziba. Basi, mwanangu, asubuhi injini ikiwa baridi, bonyeza mipira yote miwili, wa juu na wa chini. Ukikuta mmoja umelegea, umekakamaa, umevimba au una nyufa, usiufunge kitambaa. Toa maji, weka mpya wa kipimo kilekile na vibano vizima, jaza upya, washa, uangalie kama panavuja. Baada ya siku chache, angalia tena. Kifuniko usikiguse kikiwa cha moto, hata kama nyumba nzima ya harusi inakungoja. Kung'arisha kuje mwisho. Na ukikosea, sema upesi, usimngojeshe dada yako miaka arobaini.

Mola akujalie safari zenye kheri, akupe mkono wenye subira na ulimi mwepisi wa kukiri, na wanaokungoja mlangoni wakuone ukifika mapema. Amina.