Jibu Nililompa Mujukuu Aandike

Njo mwaka huu tuliokula sombe, majani ya muhogo, bila ndakala, wale samaki wadogo, kwa sababu ziwa lilifungwa, wavuvi wasivue. Mujukuu wangu Furaha alikuwa anaandika kitabu cha mapenzi kwa vijana, juu ya uchumba wa sisi Waholoholo. Akaniuliza nilijibu nini siku bwana yangu alileta kuku wa posa. Mimi kwa kupenda sifa nikamwambia nilitazama chini, nikamjibu baba yangu, "Ndiyo, Papa."

Akakisoma kanisani. Wamama wakanipigia vigelegele, nami nimenyoosha shingo kama bibi harusi. Bwana yangu akasimama.

"Furaha, umeandika vizuri, lakini huyu mama alikudanganya. Alisema hivi: 'Kamata kuku wako na ile miguu yako ya bata, murudi kwenu wote wawili!'"