Transfo ya Redio Yetu

Juzi sokoni Rumonge niliona transfo ya redio kwenye meza ya fundi, na ile harufu ya waya iliyoungua ikanirudisha nyumbani, utotoni.

Yaya Saidi, kaka yangu mkubwa, alikuwa anatengeneza redio ya Zaina, binti wa jirani. Nje mama alikuwa anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Transfo ya Zaina ilikuwa imeungua, yaya akatafuta ingine mpaka kule kijijini Kizuka, akakosa. Basi akafungua redio yetu, akang'oa transfo yetu.

"Yaya, unawapa watu wetu!" Mimi nilijua wale wanaoongea redioni wanakaa mule, ndani ya kile chuma kizito.

"Nyamaza, wewe mutoto! Hii inapunguza umeme tu."

Jioni kwa Zaina redio iliimba, kwetu kimya. Nikaenda dirishani kwao, nikapiga kelele: "Hao ni wetu! Rudisheni!" Zaina akacheka. Yaya, aliyekaa pembeni yake, akacheka naye. Hapo wivu ulinichoma kweli.

Leo Zaina ni shemeji yangu, na mutu akimusema vibaya tutapigana. Najua transfo haina watu ndani. Lakini yaya alijenga kwao, anakaa kule mpaka leo. Sikukosea sana.