Siku Mama Alipolisuka Darasa

"Mimi hesabu sina," mama yangu husema, haraka haraka, kama mtu anayekwambia hana sukari ili usikae sana. Aliacha shule darasa la nne. Sababu hakutuambia, na sisi watoto wake tukajijazia wenyewe: kichwa kizito. Ukawa mzaha wa nyumbani. Chapati zikipungua mezani, tunasema leo Mama ndiye alihesabu. Anacheka pamoja nasi. Lakini tangu aache shule hakuwahi kuingia darasani tena. Siku za wazazi alikuwa anaishia getini, anatuma ndizi za mwalimu, anarudi zake. Aliogopa ubao. Mwanamke anayefukuza mbwa wa jirani kwa kandambili, ati anaogopa ubao!

Na mimi, kwa mzaha wa Mungu, nikawa mwalimu wa hesabu.

Nafundisha gredi ya tano katika shule moja upande wa Skuta, hapa Nyeri. Muhula mmoja tulipelekwa semina Murang'a, tukaambiwa hesabu sasa ifundishwe kwa sanaa: nyimbo, michoro, ususi, maigizo. Tulipiga makofi, tukala pilau, tukapewa kalamu nene za rangi. Nilirudi na moto usiozimika. Wiki ya kwanza nikatunga wimbo wa nusu na robo. Watoto waliuimba kwa sauti mbili mpaka mpishi akaja dirishani kusikiliza. Kisha nikawapa maswali, wakaanguka wote, tena wakiimba. Ngoma ikilia sana hupasuka. Wiki ya pili nikaleta chapati tuzikate. Nilipouliza robo tatu ziko wapi, walinionyesha matumbo. Wiki ya tatu nikaleta visoda wapange maumbo sakafuni, na kufika saa nne kulikuwa na ligi mbili za kandanda ya visoda, na refa.

Mwalimu mkuu ni mtu mpole anayependa shule iwe kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Aliniita ofisini. "Mwalimu, Ijumaa nitakuja kukaa darasani kwako," alisema. "Kelele nimeshaiona. Sasa nataka kuona hesabu."

Hapo nikamfikiria Mama. Mama husuka kiondo, kile kikapu cha nyuzi, huku anatembea, anapiga gumzo, anakemea kuku, na ua la nakshi yake hukutana pale mwisho bila hata uzi mmoja kupotea. Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Mama, Ijumaa kuja unisaidie kufundisha."

"Nifundishe nini?"

"Hesabu."

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akaona mimi sicheki, na kisu kikasimama katikati ya kiazi.

"Unataka watoto wanicheke," alisema.

"Hakuna wa kukucheka. Utasuka tu, wao wanaangalia."

"Na wakiniuliza kitu sijui? Hapo mbele ya ubao?"

Nilimjibu kwa utani wetu uleule kwamba hata asipojua, hakuna atakayeshangaa. Hakucheka. Niliona hakucheka, na nikajifanya sikuona. Alikubali Alhamisi jioni tu, baada ya mimi kumwambia kazi yangu iko hatarini, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu.

Ijumaa alikuja na nguo ya kanisa, kitambaa kichwani, kiondo ambacho hakijaisha begani. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakaa nyuma na daftari lake. Watoto wakasimama, wakamkaribisha kama nyanya yao, wakaimba, "Karibu shoshooo!" Nami nikafanya kosa la kijinga, kosa la mazoea. Nikampa chaki.

Aliipokea. Akageukia ubao, akawapa watoto mgongo, akasimama hapo. Hakuandika. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Ni mimi nilimleta hapo. Nikakimbilia kumwokoa, nikaharibu zaidi. Nikasema kwa sauti ya furaha ya uongo, "Haya, tuanze kwa kuhesabu watoto! Mmoja, wawili, watatu..." huku nawanyoshea kidole.

"Wee!" Mama aligeuka kama nimemwaga maziwa. "Watoto hawahesabiwi! Nani alikufunza kunyoshea watoto wa watu kidole namna hiyo? Hata mbuzi hatuhesabu hivyo!"

Kwetu ni mwiko, nami naujua tangu utotoni: ukihesabu watoto unawaitia mabaya. Ila ukishika rejista miaka mingi unasahau adabu za kwenu. Hata hapa sitasema walikuwa wangapi, maana Mama anaweza kusomewa hadithi hii. Darasa likaangua kicheko, na aliyechekwa ni mimi. Chaki ilikuwa imeanguka sakafuni na Mama alikuwa ameikanyaga bila habari. Alikuwa amekasirika sana, akasahau kuogopa.

"Kujeni nje," aliamuru.

Uwanjani aliwasimamisha duara, akatoa bonge la uzi mwekundu kwenye kiondo. "Nyinyi ndio zile nyuzi za kusimama," aliwaambia. "Hii uzi yangu inapita mbele ya wawili, inaenda nyuma ya wawili. Halafu tena. Ikirudi mahali ilianza, ua lazima ikutane. Isipokutana, hiyo kiondo imeharibika, unafumua yote." Akaanza kuwapanga wanne wanne, bila kutaja namba, kwa kuwashika mabega tu: wawili wa mbele, wawili wa nyuma, shikaneni mikono, songa. Alizunguka duara lote hivyo. Mwisho wakabaki wasichana watatu wamesimama peke yao.

"Hawa hawatoshi," Mama alisema. "Tufanye nini?"

"Tuwatoe!" mmoja akapaza sauti.

"Mtoto hatolewi. Tunaongeza." Macho yake yakazunguka uwanja, yakatua kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa ametufuata nje. "Wewe wa tai, kuja hapa."

"Mama," nikanong'ona, "huyo ni mwalimu mkuu."

"Na si ako na miguu?"

Mkuu wetu akaja, daftari kwapani, akasimama pale alipoonyeshwa. Uzi mwekundu ukapita mbele ya wasichana wawili, nyuma ya wa tatu, nyuma ya mwalimu mkuu, ukafika ulipoanzia. Ukakutana sawasawa. Watoto walipiga kelele ambayo nadhani hata Kenol, kule Murang'a, waliisikia, na mkuu hakuwanyamazisha.

Ndipo msichana mmoja, ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kuinua mkono, akauinua. "Mwalimu, ni kugawanya kwa nne. Baki ilikuwa tatu, kwa hivyo shosho ameongeza moja."

Nilimwambia ni sawa kabisa. Nilitamani kumkumbatia. Tulirudi darasani, kila mtoto akachora kiondo chake kwenye daftari la miraba, akijaribu maua ya tatu, ya tano, ya sita, na kugundua mwenyewe lipi litakutana na lipi litafumuliwa. Mwalimu mkuu aliondoka na kipande cha uzi mwekundu mfukoni.

Saa za kutoka nilimsindikiza Mama nyumbani. Nilimtania njia nzima, mwalimu huku, mwalimu kule. Tulipofika kona akasimama.

"Yule msichana alisema ati ile ni kugawanya."

"Ndiyo, Mama."

"Ile yenye nilikuwa nafanya?"

"Ile ile. Na baki yake."

Alihamisha kiondo bega hadi bega. "Mwalimu wetu alinisimamisha kwa ubao wiki nzima," alisema. "Hesabu moja tu, ya kugawanya. Kila siku narudi hapo, wenzangu wanacheka, yeye pia anacheka. Ijumaa nikatumwa maji mtoni, nikaenda, sikurudi shule tena. Na hiyo wakati nilikuwa nimemaliza kiondo yangu ya kwanza. Ua ilikuwa imekutana."

Nilitafuta mzaha wa kusema, nikaukosa. Mama alinitazama, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma.

"Viondo zangu ndizo zilikusomesha hiyo hesabu," alisema. "Umeniona nikisuka tangu uzaliwe. Sasa wewe ulikuwa unangoja nini kuniambia ati hii pia ni hesabu?"